Daftari la Mizani

Calama, kituo cha pili, saa kumi na moja alfajiri.
Lori linapanda juu ya bamba la chuma,
dereva anazima redio,
nami naandika: uzito na shehena,
uzito likiwa tupu, tofauti.
Mshahara wangu unatoka kwenye tofauti.

Shehena ni chumvi ya lithiamu kutoka jangwani,
ndugu ya ile ninayoimeza, asema daktari Tejerina,
kidonge asubuhi, kidonge usiku,
na maji mengi, maana ina kiu yake.
Tani ishirini na nane zinapita dirishani
na mimi nashindana na miligramu mia tatu.

Kompyuta zilipoletwa, daftari la zamani
nililichukua nyumbani. Safu zake tatu
sikuzifuta vichwa. Ya kwanza naweka usingizi,
ya pili fedha zilizotoka,
ya tatu, penye *tofauti*, naandika chochote.

Agosti 3. Saa sita. Mkate. Berenice amecheka,
dada yangu, si mtu wa kucheka ovyo.
Agosti 11. Saa tatu. Mwandiko umeinama mbele
kama mtu apandaye mlima.
Agosti 14. Saa moja. Nimenunua milango kumi na minne.
Nyumba yetu ina miwili.
Agosti 15 haina saa wala fedha. Ina hivi:

    Nyota zote nazijua, majina nimeyapanga,
    Usingizi nauvua, kama shati la mjinga,
    Jangwa lote lachanua, mkononi nina mwanga,
    Nani atanisumbua, nimezaliwa na anga!

Hesabu mwenyewe. Nane kwa nane, mstari hadi mstari,
hakuna silabi iliyochechemea.
Sijawahi kuandika kitu kilichokaa sawa namna ile,
na ndio ukurasa ninaouogopa.

Kisha wodi, ambako kalamu hairuhusiwi.
Kisha Septemba: mtaa mzima unachoma nyama,
watoto wanarusha vishada, bendera kila paa,
na kwangu tarehe tu, tarehe chini ya tarehe.
Lori tupu nalo lina uzito wake;
karani yeyote wa mizani atakwambia.

Septemba 20, mwandiko si wangu.
Herufi za duara, za mwalimu wa chekechea:
*Amekunywa chai nusu kikombe. B.*
Septemba 21: *Nusu tena.*
Septemba 22: *Ameuliza kama kuna sukari.*
Mstari huo ameupigia msitari chini, mara mbili,
kalamu ikatoboa karatasi.

Sitadanganya: namkosa yule wa Agosti.
Alijua majina ya nyota.
Mimi najua namba za malori,
na mikono yangu inatetemeka nikimimina maziwa.
Siku nyingine nakiweka kidonge mezani
tunatazamana, mimi na yeye, mpaka chai ipoe.
Hadi leo ni mimi ninayeshindwa. Nakimeza.

Milango tisa walikubali kuirudisha.
Mitatu jirani, don Eulogio, ameifanya banda la kuku.
Mmoja umeegemea ukuta, unangoja.
Mmoja nimeulaza juu ya matofali, ndio meza yangu,
juu yake naandika haya.
Kitasa sikukitoa. Kinanigonga goti
kila ninapovuta kiti.

Ndani ya jalada, kwa wino mwekundu:
*Vina vikianza kuja vyenyewe, mpigie Berenice.
Usisubiri ubeti wa pili.*

Leo, Novemba 6. Saa saba za usingizi.
Peso elfu mbili, viazi na sabuni.
Malori thelathini na moja, moja limezidisha mzigo,
nimelirudisha, dereva amenitukana mama.
Usiku huu nimeandika neno *mwanga*
nikakaa, nikasikiliza lipi litalifuata.
Limekuja *viazi*.
Nimeliacha hapo hapo.